Siku moja maishani mwangu: Chicago, Januari 30, 2019

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimekwisha kuwaandikia madereva wetu wa magari ya kumwaga chumvi barabarani habari wasiyoipenda. Joto likishuka chini ya nyuzi −18 hivi, chumvi ya kawaida haiyeyushi barafu kwa kiasi cha maana, nasi siku hiyo tulifika −31; kwa hiyo wapakie mchanga. Nilipotoka kuelekea ofisini, vinyweleo vya puani viliganda kwa pumzi ya kwanza.

Saa moja na nusu nilifungua vipimo vya puto la kupimia hali ya hewa lililorushwa Davenport, Iowa. Nina mazoea ya kuvisoma kutoka juu kwenda chini, kwa sababu chanzo cha baridi ya namna hii mara nyingi hutangulia kuonekana huko juu, kilomita 30 hivi, wiki kadhaa kabla.

Saa tatu Mama alipiga simu kutoka Tanga, ambako jua lilikuwa likikaribia kuchwa. “Mwanangu, baridi hiyo inatoka wapi?” Nilimweleza kwamba jua likishaiacha ncha ya kaskazini wakati wa vuli, hewa ya juu hupoa mno, pengine hata kupita nyuzi −80, na tofauti yake na hewa ya kusini, pamoja na mzunguko wa dunia, huzaa upepo mkali unaoizunguka ncha kutoka magharibi kwenda mashariki, wakati mwingine kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Ukiwa na nguvu, huzunguka wima kama pia. Lakini milima mikubwa, pamoja na tofauti ya joto kati ya nchi kavu na bahari, huzusha mawimbi ya hewa yanayopanda na kuvunjika huko juu kama mawimbi ya bahari mwambani. Hapo pia hiyo huyumba, upepo hupungua, na hewa iliyo juu ya ncha hushuka, hubanwa na kupata joto. Ndivyo ilivyotokea mwanzoni mwa Januari, hata mzunguko huo wa upepo ukapasuka. Mama alicheka: “Kumbe baridi yenu imeanzia kwenye joto!”

Magazeti yaliandika kwamba mzunguko wenyewe umetushukia, jambo lisilo sahihi. Wenyewe hubaki juu. Kilichotufikia ni hewa ya kaskazini mwa Kanada, iliyofuata kona ya mkondo wa upepo wa kasi ulio kilomita 10 hivi juu yetu. Ni kiasi gani mpasuko ule ulichangia kona hiyo, wataalamu bado wanabishana, nami naona ulichangia.

Saa nane mchana nilipita karibu na njia za treni, ambako miali ya gesi ilikuwa ikiwaka kandokando ya makutano ya reli ili chuma kisinywee na kukwama.

Jioni ramani zilionyesha kwamba kufikia Jumatatu joto lingepanda juu ya sifuri. Nikaanza kuandika ilani nyingine, ya mashimo ambayo barafu ikiyeyuka huyaacha kwenye lami.