Tunavyopanga mada za mkutano wa Emacs hapa Mtwara

Ratiba ya mkutano wetu wa Emacs imeanza kupata sura, na kwa vile watu wa Lindi na Masasi wamekuwa wakiniuliza sana kwenye grupu hizi mada tunazipangaje, nani anachaguliwa, mbona huyu kapewa dakika 10 na yule 20, nimeona bora niandike hapa mara moja kila mtu asome. Itakuwa ndefu kidogo, mnivumilie.

Kwa ambaye ndo anasikia leo: Emacs ni programu ya kuandikia, ya zamani kweli kweli, ya kwanza kabisa ilitengenezwa chuo cha MIT kule Marekani mwaka 1976, na hii tunayotumia sa hivi, GNU Emacs, Richard Stallman aliitoa 1985. Umri wote huo na bado inatumika kwa sababu unaweza kuibadilisha hapo hapo ikiwa imefunguka mbele yako, kwa Lisp, lugha ya kuandikia programu, huombi ruhusa kwa mtu wala husubiri kampuni ilete toleo jipya. Unataka kitufe kimoja kikuandikie tarehe ya leo? Unaandika mistari miwili mitatu, unaipa, imekubali, kazi inaendelea. Kwa hiyo ukikuta watu wawili wanatumia Emacs kila mmoja ana ya kwake aliyoichonga kufuata kazi yake, na mimi utamu wa mkutano naouona hapo, kuchungulia mwenzangu kachonga nini.

Dunia nzima wana mkutano wao, EmacsConf, wa kwanza ulifanyika London 2013, na tangu 2019 unafanyika mtandaoni. Miaka ya karibuni umekuwa wikiendi ya mwanzo wa Desemba. Wanafuata saa za Toronto na New York, wakianza saa 3 asubuhi kwao huku kwetu ni saa 11 jioni, wakifunga saa 11 jioni yao huku ni saa 7 usiku. Sasa angalia hiyo hesabu vizuri. Jumamosi yote mchana sisi tuko huru, watu wameshakusanyika ukumbini kuwaangalia, projekta ipo, kwa nini tukae tunasubiri jioni wakati hapa hapa kusini kuna watu wana vitu vya kuonyesha? Ndo tukasema kuanzia saa 8 mchana mpaka saa 11 kasoro ni mada zetu, kwa Kiswahili, halafu saa 11 tunaungana na dunia.

Ukitoa mapumziko ya alasiri unabaki na kama saa mbili na robo hivi. Humo zinaingia mada tano, ukilazimisha sita unaua maswali, na maswali ndo kitu ambacho mimi sitaki kabisa kiguswe.

Kazi kubwa kuliko zote ni kuzipata hizo mada. Ukitangaza tu "jamani leteni mada" wanaojitokeza ni wale wale waliozoea kuongea mbele za watu, wengi wao waandishi wa programu, na wana mada nzuri sipingi, ila ukumbi wetu una walimu, makarani, wanafunzi wa chuo, mzee mmoja wa Mikindani anayekusanya methali za Kimakonde kwenye faili moja la Org, ile sehemu ya Emacs ya kuandika na kupanga vichwa, orodha na majedwali. Hawa ukiwaambia walete mada wanakwambia hawana. Kwa hiyo mimi siulizi habari ya mada kabisa, nauliza hivi: kwenye Emacs yako kuna kitu gani ambacho mtu akikitoa leo utagombana naye? Hapo mtu anaongea mpaka chai inapoa, nami naandika, na akimaliza namwambia hiyo uliyonieleza ndo mada yako.

Mfano ni mama mmoja karani wa chama cha msingi upande wa Tandahimba. Kijana wake alimwekea Emacs kwenye laptopu ya zamani ambayo programu nyingine za mahesabu zilikuwa zinaisumbua. Nilivyomuuliza akanijibu, "Mwanangu, mimi nna mada gani? Mimi nazijumlisha kilo tu." Nikamwambia mama naomba unionyeshe hizo kilo unazijumlishaje. Akafungua faili lake la Org, jedwali la mistari mingi tu, safu ya kwanza namba ya mkulima, ya pili uzito uliosoma kwenye mizani, ya tatu uzito wa gunia tupu, ya nne korosho zenyewe. Chini ya jedwali kuna mstari mmoja mfupi, #+TBLFM: $4=$2-$3, yaani safu ya nne ni ya pili ukitoa ya tatu. Akaweka kishale kwenye huo mstari, akabonyeza Ctrl-c mara mbili, safu yote ya nne ikajaa kwa mpigo. Mimi nimetumia Org miaka na sijawahi kuona mtu anaitumia kwa utulivu ule, mkono mmoja kibodi mkono mwingine kitabu cha risiti. Alikuwa na kitu kingine zaidi: kila siku analinakili faili na kulipa jina la tarehe, na mkulima akija kulalamika kwamba kilo zake hazijatimia anafungua la siku ile wanasoma wote wawili kwenye kioo, kwa sababu ni maandishi ya kawaida tu hata Emacs ikikosekana yanasomeka. Hiyo ni mada ya dakika 10 na ndo nimeiweka ifungue mkutano. Niliambiwa nianze na jina kubwa kutoka Dar. Nikakataa. Karani wa korosho akifungua, kila aliyekaa nyuma akiwaza "hii si ya watu kama mimi" anakaa sawa kwenye kiti.

Nyingine niliyoifurahia sana ni ya mwanafunzi ambaye laptopu hana, anatumia Emacs kwenye simu, kachomeka kibodi kwa waya wa OTG. Alianza kwa Termux, programu ya simu inayokupa dirisha la kuandikia amri kama la Linux, na tangu toleo la 30 lililotoka 2025 Emacs yenyewe inakubali Android. Hiyo nimeipa dakika 20 kwa makusudi, kwa sababu najua nusu ya ukumbi watatoa simu zao pale pale wakitaka kuijaribu, na ukimpa dakika 10 atakuwa anakimbia. Kuna mwalimu wa Masasi pia anatunga mitihani ya hesabu kwenye Org anaitoa PDF kupitia LaTeX, programu ya kupanga kurasa, alama zote za hesabu zimekaa mahali pake. Kuna mada moja nimeikataa, ilikuwa ya kulinganisha Emacs na Vim, programu nyingine ya kuandikia, ipi bora. Aliyeileta ni rafiki yangu na tumeelewana, ila ule ubishi unakula saa nzima na mtu anaondoka mikono mitupu.

Kila mada inarekodiwa mapema. Hili tumeliiga kwa EmacsConf wenyewe, kule mada nyingi zinakuja zimesharekodiwa, siku ya mkutano inachezwa video halafu mwenye mada anajibu maswali akiwepo. Kwa Mtwara naona limetufaa zaidi hata yao. Umeme ukikatika tunasubiri jenereta, tunaendelea pale video ilipoishia, mwenye mada hajachanganyikiwa. Intaneti ikigoma hatuna habari nayo kwa sababu mafaili yako kwenye diski. Na yule mama karani Desemba ni katikati ya msimu, minada inaanza Oktoba, anaweza kuitwa ghalani muda wowote, sasa hata asipofika ukumbini mada yake ipo na maswali tutampigia simu tuiweke kwenye maiki.

Kwenye kurekodi nimekuwa mkali, nisameheni wahusika. Kwanza maandishi yawe makubwa, Ctrl-x halafu Ctrl na alama ya kujumlisha, bonyeza mpaka wewe mwenyewe uone yamezidi, basi hapo aliyekaa nyuma ndo anayaona vizuri. Pili rangi. Wengi wanapenda kioo cheusi, usiku nyumbani kinapendeza, ila ukumbi wetu una madirisha makubwa pande zote mbili na jua la Desemba saa 8 unalijua, projekta ikitoa nyeusi mnaona ukuta tu. Nawaambia wote watumie modus-operandi, ni mpangilio wa rangi, inakuja ndani ya Emacs kuanzia toleo la 28, ni nyeupe na rangi zake zimepimwa zitofautiane vya kutosha hata kwa mwenye macho yanayosumbua. Tatu, watu waone unachobonyeza, kuna kifurushi kinaitwa keycast kinaonyesha kila kitufe kwenye mstari wa chini, bila hicho Emacs inaonekana kama inajiendesha yenyewe na mtu anayejifunza hapati kitu. Nne sauti, zima feni, rekodi alfajiri au usiku bodaboda zikipungua, na fanyeni kabla mvua hazijaanza kwa sababu chini ya bati mvua ikishuka hakuna maiki itakayokuokoa.

Sasa ratiba. Yote iko kwenye faili moja la Org, kila mada ni kichwa kimoja, chini yake dakika za mada, dakika za maswali, na hali yake. Hali nimezitunga za Kiswahili: IMEOMBWA, IMEKUBALIWA, IMEREKODIWA, IMEKAGULIWA, Org inakuruhusu kuweka zako. Asubuhi nikifungua naona kwa rangi nani bado. Halafu kuna kazi fupi ya Lisp, yaani programu ndogo niliyoiandika, inayopita vichwa vyote kutoka juu, inaanza saa 8, inajumlisha dakika za mada na za maswali na 5 za kubadilishana, inaandika saa kwenye kila kichwa. Nikitaka mwalimu wa Masasi atangulie ili awahi basi, nashika kichwa chake, Alt na mshale wa juu, kinapanda na kila kilicho chini yake, naiendesha tena ile kazi, saa zote zimejipanga upya. Kitu kimoja tu hakisogei, mapumziko ya alasiri. Nimekiwekea alama kwamba saa yake ni maalum, na mada zikizidi kuifikia hiyo saa kazi inapaka mstari mwekundu nijue nimebana. Wazo hili la kupanga kwa Lisp ni la EmacsConf, Sacha Chua ambaye ni mmoja wa waandaaji ameandika kwa uwazi sana wanavyofanya, na nawashauri wote mnaotaka kuandaa chochote mkasome, hata kama si cha Emacs.

Maswali nimeyapa muda sawa na mada. Dakika 10 za video, dakika 10 za maswali. Watu wananiambia ni mengi, mi naona video utaiangalia hata mwezi ujao ukiwa nyumbani kwako Newala, lakini kumuuliza mama karani uso kwa uso gunia likiwa limelowa anafanyaje, hiyo nafasi ni siku hiyo. Na wasiopenda kusimama tutapitisha karatasi, mabinti wa chuo waliniomba hilo na lina maana.

Maandishi ya chini ya video tunaweka yote. Mashine inatoa rasimu kwa Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, Kiswahili inakipata nusu nusu, na mtu akichanganya na Kimakonde ndo kabisa, kwa hiyo tunakaa tunarekebisha mstari kwa mstari kwa subed, kifurushi cha kurekebishia maandishi ya video, humo humo ndani ya Emacs. Inachosha. Lakini kuna kijana asiyesikia alikuja kikao kilichopita akakaa mpaka mwisho, na mimi siwezi kumwalika tena aje kuangalia midomo.

Jioni ni nyepesi. EmacsConf wanarusha njia mbili kwa pamoja, moja ya mambo ya wote na nyingine ya watengenezaji, sisi tutafuata ya kwanza, tutasimama kwa magharibi, na tutafunga saa 3 usiku watu wapate bajaji wakiwa wengi. Zitakazobaki hazipotei, wanaziweka video zilizorekodiwa mara tu mada inapoanza kurushwa, tutazishusha Jumapili kwa bando la usiku na kuzigawa kwa flashi.

Nafasi ya tano bado iko wazi, dakika 10, mara baada ya alasiri. Ningependa sana iende Lindi, Ruangwa au Nachingwea, maana mpaka sa hivi ratiba yote ni Mtwara na Masasi. Usijiulize kama unajua Emacs vya kutosha, niambie tu ni kitu gani mtu akikitoa utagombana naye. Huna cha kurekodia nakutumia laptopu yangu na basi la asubuhi, OBS ya kurekodia kioo ishawekwa, maandishi yameshakuzwa, unafungua unaanza.