Namna Nilivyofundisha Habari za Yai la Ngisi Hapa Nairobi

Wanafunzi wa chama cha sayansi ninachokilea shuleni walipotaka kujua ngisi huzaliwaje, sikuridhika kuwapa maelezo ya ubaoni peke yake, ingawa bahari iko karibu kilomita 500 kutoka darasani mwetu. Nilikwenda City Market nikamwomba muuza samaki anichagulie ngisi wakubwa ambao hawajapasuliwa, kwa kuwa habari ya yai huanzia ndani ya mwili wa mama.

Tulipompasua jike tuliona tezi mbili nyeupe, ndefu, zimelala sambamba. Tezi hizo hutengeneza ute unaoyafunika mayai, na kwa maoni yangu kila somo la ngisi lingeanzia hapo, maana aliyeziona huelewa mara moja jinsi ngisi wa California anavyoweza kutaga vifuko vya ute vyenye urefu wa hadi sentimita 20, kila kimoja kikiwa na mayai zaidi ya 100, na kuvipachika mchangani chini ya bahari.

Jambo lililotuchukua muda mrefu zaidi ni kiini. Wanafunzi walimfikiria kifaranga, ambaye kiini kimeungana na tumbo lake, ilhali kwa ngisi mfuko wa kiini hutokeza kichwani, katikati ya minyiri. Nilichora hatua kwa mfuatano: macho yanaanza kuwa mekundu kisha yanakuwa meusi, vidoa vya rangi vinajitokeza, mfuko wa wino unaonekana, na kiini kinazidi kupungua kadiri mwili unavyokua. Katika maji baridi ya California hayo yote huchukua takriban majuma matatu hadi matano, na maji yakiwa na joto zaidi muda hupungua.

Kitoto kilichokomaa huyeyusha ganda la yai kwa kimeng'enya kinachotoka katika tezi iliyo kwenye ncha ya nyuma ya mwili wake. Nilikichora kwa ukubwa wake halisi, milimita tatu hivi, kwenye karatasi ya grafu, kisha nikakikuza mara 50.

"Mwalimu, huyu ni lava?" aliuliza msichana mmoja, akimaanisha kiumbe mchanga ambaye umbo lake bado halifanani na la wakubwa wake.

Nilimweleza kwamba kitoto hicho tayari kina minyiri, macho, wino na mrija wa kurushia maji, ila huishi kikielea karibu na uso wa bahari, tofauti na wakubwa wake, na kwa sababu hiyo wanasayansi Young na Harman walipendekeza mwaka 1988 kiitwe paralava. Kiini kilichosalia mwilini hukitosha kwa siku chache tu, na kabla hakijaisha ni lazima kiwe kimejua kukamata kopepodi, yaani vijidudu vidogo sana vya majini vya jamii ya kamba.