Nilivyoipachika zana ya majaribio ndani ya msimbo badala ya kuipima seva nzima

Karibu kila niliyemwomba ushauri kuhusu fazingi, yaani kuilisha programu data iliyovurugwa makusudi ili kufichua hitilafu zake, alinijibu vilevile: chukua AFL, zana maarufu ya kazi hiyo, ielekeze kwenye programu yako, usiguse msimbo. Ushauri huo ulinipotezea muda mwingi, na bado unaniudhi kila ninapousikia ukitolewa kwa wengine.

Nilitakiwa kupima seva iliyoandikwa kwa C, inayopokea ujumbe wa malipo wa ISO 8583, kiwango cha kimataifa cha ujumbe wa miamala ya kadi. Ujumbe huo una tarakimu nne za aina, kama 0200, kisha ramani ya biti 64 inayoonyesha sehemu zilizomo, na baadhi ya sehemu hutanguliwa na tarakimu za urefu wake. Mtumaji akidai urefu wa 999 ilhali ametuma baiti kumi, msimbo usio makini utasoma kumbukumbu isiyo yake. Fazingi hufichua hitilafu za namna hiyo vizuri sana.

AFL ni programu inayojitegemea. Huisimamisha programu yako kwenye mlango wa main, fanksheni ambayo programu ya C huanzia, kisha huzalisha nakala kutoka hapo, moja kwa kila jaribio. Seva yetu, hata baada ya kuiwezesha kusoma ujumbe kutoka kwenye faili, ilisoma mipangilio na kufungua hifadhidata ndani ya main, kwa hiyo kila nakala ilirudia shughuli hizo kabla ya kuugusa ujumbe. Mashine ilikesha ikifanya kazi isiyohusika.

Nikahamia libFuzzer, maktaba ya fazingi inayokuja na Clang, kikusanyaji (compiler) cha C. Yenyewe ndiyo yenye main. Wewe unaandika fanksheni moja tu, LLVMFuzzerTestOneInput, inayopokea data na ukubwa wake. Nilitenga msimbo wa kusoma ujumbe, nikauunganisha kwa -fsanitize=fuzzer,address, inayoongeza libFuzzer pamoja na kikaguzi cha makosa ya kumbukumbu, na kasi ikapanda hadi maelfu ya majaribio kwa sekunde. Ilinibidi kuondoa kila exit, amri ya kuifunga programu, iliyoitwa kwa sababu ya ujumbe mbovu na kurudisha namba ya kosa badala yake, kwa kuwa exit moja humaliza zoezi zima la fazingi.

Kisha likaja anguko lililonifurahisha kuliko yote. Faili ya crash iliyohifadhiwa, yaani data iliyosababisha anguko, haikuangusha chochote ilipoendeshwa peke yake. Nilishuku kwamba ujumbe uliotangulia ulikuwa ukiacha mabaki, hivyo nikaibadilisha fanksheni yangu: baiti ya kwanza ya data ikawa inaonyesha mahali pa kuikata vipande viwili, na vipande hivyo vikasomwa kimoja baada ya kingine ndani ya mwito mmoja. Muda si mrefu nikapata faili moja yenye ujumbe wote wawili, na mkosaji akaonekana: kigeu cha static, yaani kisichofutwa kati ya mwito mmoja na mwingine, kilichobaki na urefu wa ujumbe uliopita. AFL, kwa jinsi nilivyoitumia, isingekiona, kwa sababu iliupa kila ujumbe mchakato mpya, ilhali seva yetu huhudumia wateja wote katika mchakato uleule.

Fanksheni hiyo haikunifunga kwa libFuzzer. AFL++ na Honggfuzz, zana nyingine za fazingi, huipokea kama ilivyo. Nimeiandikia pia main fupi inayofungua faili zote za maanguko ya zamani na kuzipitisha humo kila tunapojenga toleo jipya, bila kuhitaji zana yoyote ya fazingi. Anayetegemea msimbo wa watu wengine uliojaa exit asizoruhusiwa kuzibadilisha, huyo ndiye ninayemshauri abaki na programu inayojitegemea kama AFL.