Nilivyoanza bustani ya mboga kwenye mchanga wa Kigamboni

Huku kwetu Kigamboni ardhi ni mchanga mtupu. Ukimwaga ndoo ya maji, yanazama papo hapo, na jua likishapanda pamekauka tena. Wanaokuja kuona bustani yangu huniuliza kwanza mbegu nimenunua duka gani. Huwajibu kwamba mbegu ni jambo la mwisho. Ukishaupa mchanga kitu cha kushika maji, mchicha hauna ugumu wowote.

Mafunzo mengi ya kilimo yanasema tuinue matuta. Kwenye mfinyanzi ni sawa kabisa, mizizi isije ikaoza. Kwenye mchanga mimi nilichimba kwenda chini. Jaruba langu lina upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani, na kina cha sentimita 40 hivi. Chini nilipanga makumbi ya nazi niliyoyaloweka kwanza kwenye pipa, kisha nikarudishia mchanga uliochanganywa na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri: ndoo 2 za mchanga kwa ndoo 1 ya samadi. Sikujaza mpaka juu. Uso wa jaruba uko chini kidogo ya ardhi, hivyo maji yanatulia pale pale penye mizizi. Kwa ajili ya masika nilikata mfereji upande mmoja wa kutolea maji, kwa sababu mvua za Aprili huku si mchezo.

Mbolea ya kuku ni nzuri pia, ila ni kali. Irundike, ilowanishe, iache mpaka joto na harufu viishe. Ikiwekwa mbichi inaunguza miche.

Nilianza na matembele. Bibi mmoja jirani alinikatia marando akaniambia, "Mwanangu, tembele halikatai mchanga. Lifukie nusu, limwagilie jioni." Nikafukia nusu ya kila rando, na mpaka leo nachuma ncha tu, nayo yanazidi kutambaa.

Jambo lililonifikirisha zaidi ni maji. Kisima chetu kina chumvi, na maharage hayaivumilii kabisa. Kingo za majani huungua. Spinachi yetu hii ya majani mapana na bua jeupe, kinyume chake, inastawi. Ni ndugu wa biti, na mmea mama wa jamii hiyo huota wenyewe kandokando ya bahari huko Ulaya, kwa hiyo chumvi haiishangazi. Nyanya nazimwagilia maji ya mvua yakiwepo, pamoja na maji ya kuoshea mchele. Yenye sabuni siyapeleki bustanini. Juu ya jaruba natandaza nyasi kavu. Zinapunguza sana kazi ya kumwagilia.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno, hivyo nazichanganya na mchanga mkavu kabla ya kuzisia zisiangukie pamoja. Zikiota na kubanana napunguzia, na hiyo miche ya kupunguzia ndiyo mboga ya kwanza kuingia jikoni. Baada ya wiki 3 au 4 mchicha uko tayari. Siung'oi. Nakata juu na kuacha kisiki chenye macho, kinachipua tena.

Kwenye sukuma wiki adui ni vidukari, wanaojificha chini ya majani. Natwanga majani ya mwarobaini, naloweka usiku kucha, nachuja, natia sabuni kidogo ili dawa ishike, kisha napulizia jioni jua likiwa limepoa. Lazima ugeuze jani. Ukipulizia juu tu umepoteza dawa.

Mashina machache ya mchicha, yale yaliyonenepa kuliko mengine, siyagusi. Nayaacha yatoe mashuke, yakikauka nayapukutishia kwenye kanga, napepeta, na mbegu za msimu ujao zinakuwa tayari, za kwangu na za jirani anayetaka kuanza.