Kile kifuko cha kaki sio karatasi

Kuna kifuko kimoja siku hizi kiko kila mahali, ukienda Sabasaba kwenye mabanda ya wajasiriamali utakikuta, supamaketi kipo, Instagram ndo usiseme. Kifuko cha kaki, kinasimama chenyewe, kina zipu juu na kidirisha mbele kinachoonyesha korosho au mchaichai uliomo ndani. Kinapendeza kwa kweli, mi kazi yangu ni kudizaini vifungashio na hilo sibishi. Ninachobishia ni ile stika ya kijani yenye kajani kadogo inayobandikwa juu yake kwamba eti ni rafiki wa mazingira.

We kiloweke tu. Chukua kilichomaliza kazi, kikate vipande, tia kwenye beseni la maji kilale humo, asubuhi anza kuparua ile kaki kwa kucha. Itatoka yote, imelainika, alafu utabaki umeshika nailoni nzima na zipu yake na dirisha lake, na kama kilikua ni kile cha kahawa, cha bei mbaya, katikati utakuta na utando wa alumini unang'aa. Yani ni plastiki iliyovalishwa koti la karatasi. Na sasa ndo imekua mbaya kuliko plastiki yenyewe, maana mnunuzi wa maboksi na makaratasi chakavu hakitaki sababu ya nailoni, mnunuzi wa plastiki hakitaki sababu ya karatasi, na mwenye alumini ndo kabisa hawezi kukaa anabandua utando mwembamba kuliko unywele. Kinaenda dampo moja kwa moja, au kinachomwa nyuma ya nyumba.

Tukiwa wakweli hii sio mara ya kwanza kutokea. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Bara (Zanzibar walishatangulia 2006, Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017) wote tukahamia kwenye ile mifuko laini ya rangi rangi yenye mikono, na mpaka leo nakutana na watu wazima na akili zao wanaamini ile ni nguo. Ile ni polipropilini, ndugu zake ni mifuko ya sandarusi na vifuniko vya chupa, imefanywa nyuzi ikagandamizwa kwa joto basi. Faida yake ni kwamba ukiwa mzito unaurudia, ndo maana TBS wakasema usipungue gramu 70 kwa mita ya mraba, ila ule mwepesi unaochanika hata nyanya hazijafika nyumbani hauna tofauti yoyote na rambo tulizozikimbia. Kenya wao NEMA, mamlaka yao ya mazingira, walitangaza kuikataa mifuko hiyo kuanzia mwisho wa Machi 2019. Na kumbuka marufuku yetu ilikua ya mifuko ya kubebea, vifungashio vya vyakula, vya dawa, vya kilimo na vya viwandani vilibaki halali, kwa hiyo sisi wadizaini hatukuguswa, tukaendelea kama kawa.

Sasa swali langu mimi kabla hata sijafungua kompyuta ni moja, hiki kitu kikiisha nani atakiokota?

Maana huku kwetu hamna mashine ya kuchambua taka, mashine ni watu. Ni yule kaka wa mkokoteni na yule mama mwenye salfeti anaezunguka mtaani saa kumi na moja alfajiri kabla gari la taka halijapita, na hawa wanauza kwa kilo kwa hiyo wanajua kuliko mtaalamu yeyote nini kina thamani na nini hakina. Kopo la maji lisilo na rangi, ile plastiki inayoitwa PET, wanaokota. Jerikeni, ndoo, kreti lililovunjika wanaokota. Boksi wanaokota, na kopo la bati halikai dakika mbili. Pakiti ya biskuti hawagusi, pakiti ya krispi hawagusi, vile vipakiti vya sabuni ya unga na vya shampuu vya mara moja wanavikanyaga wanapita. Ukitaka kujua kipi hakina mnunuzi nenda kaangalie mtaro wowote wa Dar mvua ikishapiga, vilivyobaki pale ndo hivyo. Na pembetatu yenye namba chini ya kopo isikudanganye, zile namba 1 mpaka 7 zilianza Marekani mwaka 1988 kutambulisha ni plastiki ya aina gani, haziahidi kwamba kuna mtu atairejeleza.

Nilikaa siku moja kwenye yadi ya wachambuaji huku Mbagala, nikashinda naangalia mikono tu. Mama mmoja alikua na kisu kifupi, anachukua kopo, anazungusha kifuniko anakitupa kulia, anachana lebo anaitupa chini, kopo kushoto, na yote hayo anapiga stori na mwenzie wala haangalii. Zikafika chupa za juisi zenye lebo iliyovaa chupa nzima toka shingoni mpaka kwenye kitako, ile ya kubana kwa joto. Akaacha stori. Ya kwanza akaichana kwa shida kisu kikateleza, ya pili akaigeuza geuza, zilizobaki akazikusanya zote akazitupa kwenye rundo la takataka. Nikamuuliza mama mbona hizo ni PET nzuri tu, akanijibu "mwanangu, hizo zinakula muda, na tajiri akikuta lebo ndani anakata hela". Mdizaini wa ile chupa pengine alipigiwa makofi kwenye kikao, maana kusema ukweli zilikua zinang'aa.

Na tajiri, yule anaewanunulia makopo, hakati hela kwa roho mbaya. Lebo nyingi za kubana zinatengenezwa kwa PVC, ile plastiki ya mabomba, na PVC na PET uzito wao unakaribiana sana, zote zinazama kwenye maji kwa hiyo kiwandani huwezi kuzitenganisha kwenye tenki la kuoshea. Zikienda pamoja kuyeyushwa, PET inataka joto la nyuzi 250 na kitu na PVC haifiki huko ikiwa salama, inaungua inatoa tindikali ya haidrokloriki, plastiki nzima inageuka njano na vidoti vyeusi. Kidogo tu kinaharibu mzigo mkubwa. Kifuniko chenyewe hakina tatizo, kimetengenezwa kwa polipropilini au polithini na hizo zinaelea. Hii unaweza kuijaribu jikoni, kata kipande cha kopo na kipande cha kifuniko tupia vyote kwenye ndoo, kimoja kitazama kingine kitaelea, ukiviona hivyo umeshaelewa nusu ya shughuli ya kiwanda cha urejelezaji. Basi na lebo nayo ichague inayoelea, na iwe ndogo, na gundi iwe inayoachia ikiingia kwenye maji.

Rangi nayo. PET isiyo na rangi inaweza kuwa chochote baadae, ya kijani itabaki kijani au iende kwenye giza zaidi. Ndo maana Sprite, pamoja na umaarufu wote wa ile chupa ya kijani, mwaka 2022 Marekani na Kanada wakaiacha wakaenda kwenye chupa nyeupe inayoonyesha. Kama wao wameweza kuiacha rangi yao ya miaka na miaka, we mwenye chupa za juisi ya ukwaju ulizoanza juzi unashindwa nini.

Ila miongozo ya Ulaya usiichukue yote ukaja kuimwaga hapa. Kule wanakataza plastiki nyeusi kwa sababu mashine zao zinazochambua taka kwa mwanga haziioni, huku mikono inaiona vizuri tu (bei ndo mbaya, hiyo ni kweli). Kule wanakwambia tumia PLA, ile plastiki ya mahindi, inaoza. Inaoza wapi? Inataka mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 60 kwa wiki kadhaa, nipeleke wapi, dampo la Pugu Kinyamwezi? Pale itakaa kama plastiki nyingine yoyote, na kabla ya hapo ishaingia kwenye salfeti la makopo maana kwa macho inafanana na PET na kwenye maji inazama nayo. Na kuna wale wanaouza mifuko "inayopotea yenyewe", iliyotiwa dawa ya kuisambaratisha, ile haipotei popote jamani, inakua vipande vidogo usivyoviona, Umoja wa Ulaya wenyewe wamepiga marufuku bidhaa zake kwenye sheria yao ya 2019.

Watu wananiambia basi turudi kwenye chupa ya kioo. Inategemea. Chupa ya kioo ya kununua mara moja ikatupwa mi siipendi kabisa, uzito wake unaweza kuwa mara sita saba ya kopo la PET la ujazo ule ule, ipakie Dar uipeleke Mwanza zaidi ya kilomita 1,000 umechoma dizeli kusafirisha kioo. Chupa ya kioo ina maana ikirudi. Na hapo sihitaji mtu wa nje aje anifundishe, kila duka la mangi lina kreti za soda na bia, unaacha chupa au unaacha hela ya chupa, gari lililoleta zilizojaa linaondoka na tupu. Iangalie ile chupa ya soda kwa jicho la fundi, maandishi yake yamechomwa kwenye kioo, hayatoki hata ikioshwa mara ngapi. Ya bia lebo ni ya karatasi, ikiingia kwenye maji ya moto yenye kosti soda inadondoka yenyewe, chupa iko tayari kwa lebo mpya. Moja imedizainiwa isitoke, nyingine imedizainiwa itoke, na zote zina akili.

Kitu kingine ambacho wapenda mazingira wenzangu wanakikwepa, chakula kikioza hasara yake mara nyingi ni kubwa kuliko kifungashio. Karanga zimelimwa Dodoma, zimepaliliwa, zimesafirishwa, zimekaangwa kwa gesi, alafu siagi yake inachacha kwa sababu uliitia kwenye karatasi ya kuoza iliyopitisha hewa. Umeokoa nini hapo? Mfano ninaoupenda ni ile mifuko ya PICS ya kuhifadhia nafaka, ni plastiki tupu, mifuko miwili ya polithini ndani na sandarusi nje, ilianzia kwenye utafiti wa kunde kule Kamerun miaka ya 80 ukiongozwa na Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue. Dumuzi wa kwenye mahindi anakosa hewa anakufa bila dawa, na mkulima akiitunza anaitumia msimu na msimu. Plastiki hiyo siigombi hata kidogo.

Sasa hivi nina kazi ya mama mmoja anaetengeneza siagi ya karanga, alikuja na picha za kifuko cha kaki kwenye simu na boksi la nje lenye dirisha. Boksi tumeshalitoa, tulikaa tukapiga hesabu ya gharama akalitoa yeye mwenyewe. Tumeenda kwenye kopo la PET lenye mdomo mpana, kwa sababu nimewaona akina mama wanavyoyagombania makopo ya hivyo kuwekea bizari na chumvi, na mdomo mwembamba hauoshiki. Lebo haizunguki kopo zima. Hapo palikua na kazi maana kila kitu kinataka nafasi, nembo ya TBS, viungo, tarehe, na baakodi yetu ya Tanzania inayoanza na 620 ambayo haitakiwi kushuka chini ya asilimia 80 ya saizi yake ya kawaida, na yeye alitaka mistari iwe myekundu iendane na jina, nikamwambia mama skana ina taa nyekundu, mistari myekundu haiioni, kaunta watakurudishia mzigo. Akacheka akasema haya, nyeusi.

Tulipokwama ni kwenye sili, ile foili ya chini ya kifuniko. Bila hiyo siagi haikai rafu miezi na supamaketi hawapokei, na nikiiweka kuna kipande cha alumini kinabaki kimeng'ang'ania mdomoni hata ukivuta vipi. Fundi wa mashine ya kusili kanipa sampuli ya foili inayobanduka yote, bei yake imezidi kidogo, mama kaniambia "mwanangu we iache hapo kwanza niijaribu na wanunuzi wangu wa kanisani". Na kifuniko bado anataka cha dhahabu.