Siku moja maishani mwangu: sajenti pekee wa zamu ya mchana

Saa 11:40 alfajiri. Ninafika kituoni mapema kwa sababu makabidhiano ya zamu hayataki haraka. Sajenti wa usiku yuko likizo, kwa hiyo anayenikabidhi ni konstebo mwandamizi aliyekaimu nafasi yake. Amejitahidi na kitabu cha matukio kimejazwa vema, lakini kuna ripoti zinazosubiri saini ambayo yeye hana mamlaka ya kuitia, na suala moja la nidhamu ambalo ameniachia. Ninamwelewa, maana si rahisi kumkemea mwenzako leo ilhali wiki ijayo mtapanda gari moja la doria.

Saa 12:00 asubuhi. Paredi ya zamu. Nina askari sita wa doria, mmoja wa mahabusu na mmoja wa redio. Mfumo wa kuongoza matukio ya dharura uliobuniwa California miaka ya 1970, baada ya mioto mikubwa ya misitu, hushauri kiongozi mmoja asimamie watu kati ya 3 na 7, na 5 ndiyo idadi inayofaa zaidi. Kwa kuwa 8 si mbali na 7, anayesoma takwimu za idara ndogo kama yetu huona mambo yako sawa. Haoni kwamba askari hao wametawanyika mji mzima, na kwamba mimi pia huitikia wito wa redio kama askari mwingine yeyote. Sajenti anayeshughulikia wito wake mwenyewe hamsimamii mtu kwa wakati huo.

Saa 2:30 asubuhi. Ninasoma ripoti na kurudisha mbili zisizoeleza sababu ya upekuzi.

Saa 4:15 asubuhi. Ugomvi wa majirani umeishia kwa mtu kukamatwa kwa nguvu. Nguvu ikitumika, msimamizi anapaswa kufika mwenyewe, aangalie majeraha, awasikilize mashahidi kabla hawajatawanyika, na ahakikishe kwamba aliyetumia nguvu si yeye anayekusanya maelezo. Nikiwa hapo, redio inatangaza ajali ya magari yenye majeruhi, na askari wa mahabusu anasema mtu mmoja analalamika maumivu ya kifua. Ninamwamuru aite gari la wagonjwa mara moja bila kunisubiri, ninamkabidhi konstebo mzoefu uongozi wa ajali, kisha ninabaki na mashahidi. Yote matatu yalihitaji msimamizi, na idara ilikuwa na mmoja.

Saa 7:00 mchana. Ninamalizia barua kwa mkuu wa idara. Tuna masajenti 4 wa zamu, mmoja kwa kila kikosi, na wiki ina saa 168, yaani saa 42 kwa kila mmoja. Kwenye karatasi, hesabu hiyo inatosha, ilimradi asiwepo anayeumwa, anayekwenda likizo, anayehudhuria mafunzo au anayeitwa mahakamani kutoa ushahidi. Mwaka una saa 8,760. Ikiwa mtu mmoja, baada ya kutoa siku hizo zote, anabaki na saa zipatazo 1,700 za kazi, nafasi moja isiyofungwa usiku wala mchana inahitaji zaidi ya watu 5. Idara kubwa huazima sajenti kutoka kitengo kingine, lakini sisi hatuna pa kuazima.

Saa 9:30 alasiri. Mkuu ananisikiliza kwa makini, kisha anaeleza kikwazo ambacho sikipuuzi: akimpandisha cheo konstebo mmoja, doria inapungua, na madiwani huhesabu magari barabarani. Ninamjibu kwamba nafasi ya sajenti wa 5 iombwe kama nyongeza ya bajeti, na kwamba kwa sasa anayekaimu apewe barua ya mamlaka, posho ya kukaimu na mafunzo ya usimamizi kabla ya zamu yake ya kwanza. Hayo ya muda anayakubali papo hapo.

Saa 11:15 jioni. Ombi la bajeti litakwenda kwenye kamati ya fedha, na mkuu ametaka liambatane na orodha ya zamu zote za mwaka uliopita zilizokosa sajenti. Nimeanza kuitoa kwenye kitabu cha zamu, na kando ya kila tarehe ninaandika jina la aliyekaimu na matukio yaliyomkuta akiwa peke yake.