Shukrani za Divisheni

Jumapili usiku, Kimara

Matokeo ya kidato cha nne yametoka wiki hii, kwa hiyo nilijua ibada ya leo itakuwaje hata kabla sijashuka kwenye bajaji. Foleni ya shukrani ilianzia mlangoni. Divisheni one ya pointi saba, ile ya juu kabisa, ilikuja na ukoo mzima: vitenge vya sare, bahasha, shangazi anapiga vigelegele, mjomba anarekodi kwa simu huku akimkanyaga mzee wa watu. Divisheni two wakafuata na furaha ya kadiri. Three walikuwa wachache, wamejichanganya na waliokuja kushukuru kwa kupona ajali na kwa kupata hati ya kiwanja. Four sikuwaona. Zero nao, kama walikuja, walikaa nje kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, pale unapoweza kusali bila mtu kukuuliza, "Vipi, umepata ngapi?"

Mimi ni mwalimu wa baiolojia kwenye shule ya kata, na hapa usharikani ni mzee wa kanisa. Watoto hawa nawajua darasani na nawajua kwao. Mshereheshaji alipopaza "Mungu ni mwema!" niliitikia "Kila wakati!" kwa sauti ile ile ya kila Jumapili. Sina ugomvi na maneno hayo. Ugomvi wangu ni na ile foleni, maana mgeni akiitazama ataondoka akiamini kwamba Mungu wetu husubiri kwanza Baraza la Mitihani litangaze, ndipo naye ajue amhurumie nani.

Mchungaji alisoma 1 Samweli 7, lile jiwe la Ebenezeri: "Hata sasa Bwana ametusaidia." Alipita haraka, maana kulikuwa na harambee ya paa. Nimefika nyumbani nikafungua sura za nyuma mwenyewe. Kumbe jina hilo limeshatajwa tangu sura ya nne, na habari zake huko ni mbaya tupu. Israeli wanapiga kambi Ebenezeri, Wafilisti wanawapiga, watu 30,000 wanakufa, sanduku la agano linatekwa na kupelekwa Ashdodi. Linaporudi linakaa Kiriath-yearimu miaka ishirini, watu wakiomboleza. Halafu Samweli anakuja kusimamisha jiwe la shukrani, na katika majina yote ya dunia anachagua lile lile la kushindwa kwao. Angekuwa katibu wa kamati yetu ya shukrani tungemwambia atafute jina lisilo na mkosi.

Aliyemwelewa Samweli leo ni bibi mmoja anayeuza vitumbua karibu na kituo cha mwendokasi. Alishika kipaza sauti akaanza mbali: mumewe alivyofariki, mafuriko ya Desemba 2011 yalivyoondoka na chumba chake bonde la Msimbazi, walivyopelekwa Mabwepande wakaanza maisha kwenye mahema, mwanawe wa mwisho alivyopotelea kwenye bangi, akarudi, akaondoka tena, na mpaka leo hajarudi. Hapo kwenye "hajarudi" mshereheshaji alishamnyooshea mkono amalizie. Bibi hakumtazama. "Nashukuru kwa yote," akasema, "na huyo mmoja bado namdai Mungu." Kanisa likacheka. Yeye hakucheka.

Hiyo ndiyo hesabu ninayoijua ya ibada: unakumbuka njia nzima, pamoja na pale ulipoanguka na pale ambapo jibu bado. Kumbukumbu la Torati 8 inakwenda mbali zaidi, inasema ile njia ya miaka arobaini jangwani ndiyo iliyokuwa kipimo chenyewe, Mungu akiwajaribu ajue yaliyo moyoni mwao. Sisi tumeweka mtihani wa muda wa saa tatu, kalamu nyeusi au ya bluu, na msimamizi anayetangaza kwamba zimebaki dakika kumi.

Sijasahau 2013. Februari yalitangazwa matokeo ya mtihani wa 2012, na watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata zero, zaidi ya nusu ya wote waliofanya. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akaunda tume. Mei serikali ikayafuta matokeo, madaraja yakapangwa upya kwa utaratibu uliotumika 2011, yakatangazwa mara ya pili. Mtaani kwetu kulikuwa na mama muuza samaki wa Feri, binti yake alikuwa mmoja wa wale wa zero. Wiki ile watu waliingia kwake wamevua viatu na kuongea kwa kunong'ona kama kwenye msiba. Mei binti akawa four. Mama akabeba jogoo mpaka madhabahuni, jogoo akamponyoka akaruka juu ya kinanda, kwaya ikavurugika, ikawa sherehe kweli kweli.

Nilifurahi naye, na jogoo nilisaidia kumkamata. Lakini karatasi za majibu zilikuwa zile zile. Binti hakuwa amefungua daftari tangu amalize mtihani. Kilichohama ni mistari ya madaraja. Sasa kama Mungu alimwacha Februari akamrudia Mei, basi alimrudia kwa tamko la serikali, na hapo imani yangu inakataa.

Tangu mwaka ule sishtuki tena nikisikia mitihani "inaboreshwa", mpaka nijue kinachoboreshwa ni nini. 2014 ukaja mfumo wa GPA, yaani wastani wa alama badala ya divisheni, wazazi wakashindwa kusoma matokeo ya watoto wao. Mwanzoni mwa 2016 Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa ameliongoza Baraza kabla ya kuwa waziri, akaagiza turudi kwenye divisheni. Januari 2023 Baraza likaacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, na hilo nililipenda, ingawa mabango ya shule binafsi njia ya Morogoro hayakupata taarifa. Yote haya ni habari za namna ya kutangaza. Tunachopima ndani ya chumba cha mtihani kinabaki pale pale.

Na si kwamba hatukuwahi kujiuliza. Mwalimu Nyerere, kwenye Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alishasema kwamba mitihani hupima uwezo wa mtu kushika mambo na kuyatoa anapotakiwa, ndani ya muda aliopewa. Kufikiri si mara zote hupimwa, na tabia na moyo wa kutumikia havipimwi kabisa. Tukajitoa kwa Cambridge, 1971 tukajitoa kwenye Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, 1973 ikatungwa sheria ya baraza letu wenyewe. Azimio la Musoma la 1974 likataka kazi za mwaka mzima na mwenendo wa mwanafunzi vihesabiwe, na likazuia mtu kutoka kidato cha sita moja kwa moja kwenda chuo kikuu bila kwanza kufanya kazi. Unaweza kubishana na mengi ya zama zile. Lakini walijua swali liko wapi.

Nitoe mfano wa shuleni kwetu. Mwaka juzi nilikuwa na kijana wa kidato cha nne ambaye kwenye majaribio yangu alikuwa hapati kitu. Siku moja tuko nyuma ya vyoo, kwenye mtaro uliotuama, namwuliza tu kama mzaha hawa viluwiluwi wa nini. Akachuchumaa, akaokota kijiti. "Mwalimu, hawa wamelala sambamba na maji, hawa ndio wa malaria. Wale wa kule kwenye karo wananing'inia kichwa chini, wale wa matende." Akanieleza kila mmoja anavutaje hewa, na kwa nini ukimwaga mafuta juu ya maji wanakufa. Hakuna kitabu chetu cha shule kilichomwonyesha hayo, aliyaona mwenyewe kwao Jangwani. Mtihani wa mock ukaleta swali hilo hilo, kwa Kiingereza, na yeye akanakili swali kama lilivyo kwenye karatasi ya majibu kisha akaacha mistari mitupu. Miaka saba ya msingi alisoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza lugha ikabadilika, na hakuna aliyemvusha. Mtihani ulimpima Kiingereza ukaleta ripoti ya baiolojia.

Mtu ataniambia, si kuna alama za maendeleo zinazotoka shuleni? Zipo. Njoo ufundishe mikondo minne yenye watoto themanini kila mmoja, halafu uniambie alama hizo zinapatikanaje.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaotaka mitihani ya taifa ifutwe. Kwenye ile karatasi kuna namba tu, hakuna jina. Msahihishaji hajui baba yako ni nani. Mtoto wa waziri na mtoto wa muuza samaki wanafunguliwa bahasha ileile asubuhi ileile, na katika nchi hii ni mahali pachache wanapokutana hivyo. Tukiachiwa walimu peke yetu, mwenye namba ya simu ya mkuu wa shule ndiye atakayefaulu. Ninachopinga ni kuipa siku moja uzito ambao hakuna siku inayoweza kuubeba. Kwa nini pepa huvuja? Kwa nini mwaka 2018 mtihani wa darasa la saba ulifutwa kwa baadhi ya shule, zikiwemo za hapa Dar, watoto wakarudia Oktoba? Waliokuwa wanaiba si watoto, ni watu wazima walioajiriwa, waliojua shule yao itapimwa kwa siku mbili za mtihani tu.

Sera mpya ya elimu inanipa matumaini kiasi. Elimu ya lazima inakuwa miaka kumi, msingi unakuwa miaka sita, na kwa mpango uliopo, wa darasa la sita na wa la saba wataingia kidato cha kwanza pamoja mwaka 2028. Maana yake mtoto wa miaka kumi na tatu hatachujwa tena. Sekondari kuna mkondo wa amali, na huko naomba jambo moja tu: anayesomea ushonaji apimwe kwenye cherehani, asije akaulizwa ataje sehemu tano za cherehani.

Chuo kikuu nakusikia kupitia kwa binti yangu aliyeko Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kozi nyingi kazi za muhula zina alama 40 na UE, mtihani wa mwisho, ina 60, ukikwama kuna sup, yaani kurudia mtihani, ukikwama zaidi ni disco, yaani kuondolewa chuoni, na hapo hakuna wa kukukumbuka. Nikamwambia basi afadhali hizo 40 zinahesabu safari. Akanicheka. "Mama, kazi ya kikundi ina majina kumi, aliyeifanya ni mmoja, na siku hizi na huyo mmoja anaiuliza simu." Darasani kwao wako mamia. Chuo kile kilipofunguliwa 1961 mtaa wa Lumumba kilikuwa na wanafunzi wa sheria wasiofika hata ishirini, mhadhiri angeweza kumwangalia mtu usoni akajua kama anafikiri au anakariri. Hatuwezi kurudi huko. Lakini anayeandika tasnifu huitwa akae mbele ya wakubwa aitetee kwa mdomo wake, na sioni kwa nini mwanafunzi wa mwaka wa pili asiitwe dakika kumi tu aeleze kile alichokiandika. Simu haitamsaidia hapo. Kundi la kudesa litapungua lenyewe.

Baada ya ibada nilimfuata Mchungaji ofisini. Alikuwa anakula chungwa, amechoka.

Nikamwambia: Mchungaji, tuhamishe ibada ya shukrani ya kidato cha nne. Isiwe Januari baada ya matokeo. Tuifanye mwisho wa mwaka, Jumapili ya kwanza wakishamaliza pepa ya mwisho, kabla mtu yeyote hajajua amepata nini. Waje wote, na wazazi wao, waseme Mungu amewatoa wapi miaka minne hii: aliyetembea kutoka Mbezi kwa mguu, aliyeugua, aliyefiwa na mama mwaka wa tatu akarudi darasani. Jogoo aletwe siku hiyo. Januari tukutane kwa kazi nyingine, tukae na wa zero na four tuwasaidie kujisajili kurisiti, na anayependa cherehani au umeme tumtafutie VETA.

Akatafuna, akafikiri. "Mwalimu, wazo zuri. Lakini mwisho wa mwaka nani ataleta bahasha kwa kitu ambacho hakijulikani?"

Nikamwambia imani, nilivyofundishwa hapa hapa usharikani, ni hiyo. Akacheka mpaka akapaliwa na chungwa.

Ameniambia niandike barua niipeleke kwenye baraza la wazee Alhamisi. Nimeshaianza. Mhazini naye ameshanitumia ujumbe, anasema amesikia, na anapinga.